Sauti ya Kati

Si fidla, alituambia siku ya kwanza,
akaigeuza tuone mgongo wake.
Hii ni viola. Mtaulizwa hadi mzeeke.
Jibuni kwa upole, halafu endeleeni kupiga.

Tulikuwa watatu darasani, na feni moja mbovu.
Mimi nilitoka kwaya ya usharika, Yombo,
nikijua do-re-mi kwa vidole vya mkono
lakini nota iliyokaa juu ya mstari
niliitazama kama sisimizi aliyepotea.
Shangwe alitaka gitaa.
Hamdani alikosa nafasi ya sheria.

Mwalimu Eliaichi alirudi kutoka Ujerumani
mwaka ule wa foleni za sukari.
Uwanja wa ndege afisa akafungua sanduku,
akainama, akauliza: Hii inatumia umeme?
Hapana, akasema. Inatumia mtu.

Dar haipendi gundi.
Mwezi wa nne unyevu hupanda Mlimani
bila hodi, huingia ndani ya mbao,
na asubuhi moja viola ilifunguka ubavuni
kama bahasha iliyopitishwa juu ya mvuke.
Akaipeleka Keko kwa Mbwambo, fundi makabati.
Mbwambo aliigusa kwa ncha ya kidole, akavua kofia,
akaibana kwa mipira ya baiskeli siku nne
na hakutoza. Alisema tu:
Mama, kabati hili halina hata pa kuweka kikombe.

Uzi wa do ulipokatika
alingoja posta miezi mitano,
akifundisha kwa nyuzi tatu.
Palipohitajika do, aliimba.

Ijumaa alikuwa Magomeni, na kikundi cha taarabu,
kiti cha nyuma, kati ya kodiani na besi.
Jumapili kanisani, pembeni ya kinanda.
Jumatatu saa mbili kamili, ubaoni,
chaki mkononi, shingoni lile baka jeusi
ambalo wageni walidhani ni ugonjwa.
Arusini watu walimtuza mwimbaji,
noti zikapita mbele ya viola
kama abiria wasioshuka kituo hicho.
Hakulalamika. Au labda alilalamika
kwa uzi wa do, na sisi tukaita muziki.

Sauti ya kati, alisema, ni mtu anayeshika ngazi.
Mtamtazama siku akiachia.

Uprofesa hakupewa.
Kamati iliuliza machapisho.
Alitaja majina yetu.

Siku ya kumuaga walimpa kitenge,
saa ya ukutani ndani ya boksi lake,
na hotuba ndefu ambamo mgeni rasmi
alisema "fidla yake" mara tatu.
Kisha wakamwomba apige chochote.

Akasimama. Hakupiga wimbo.
Alipiga sehemu yake, ya kati,
ya muziki wa watu wanne,
bila wale watatu.
Mguno. Nusu sentensi. Nota moja
ikirudiwa, ikirudiwa, kama mtu anayetikisa kichwa
kukubali maneno tusiyoyasikia.
Nyuma yangu mama mmoja akanong'ona: Amesahau.

Halafu kimya.
Mgeni rasmi akapiga makofi, ukumbi ukafuata.
Upinde ulibaki hewani. Hakuushusha.
Makofi yakapungua, yakaona haya, yakakaa.

Ni pumziko, nilitaka kupaza sauti,
limeandikwa, lina mizani kumi na moja.
Badala yake nikahesabu,
vidole juu ya goti, kama alivyotufunza.
Sita. Saba.
Safu ya mbele Hamdani, sasa meneja wa benki,
kisigino chake kikigonga sakafu taratibu.
Nane.
Shangwe, ambaye hakuwahi kupata lile gitaa,
amefumba macho. Tisa.
Kumi.
Ndani ya boksi saa mpya ilikuwa inatembea,
na haikuwa kwenye mwendo wetu.

Kumi na moja.

Akaingia.